Chanda chema huvikwa pete, sio hundi ya boksi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, na kama barua ni ndefu ikate popote unapotaka ila pale kwenye hundi usipaguse maana ndo palipobeba kila kitu. Mimi ni mstaafu, nimefanya kazi miaka 26 kwenye kiwanda kimoja hapa Morogoro, nilianzia masjala nikamalizia ofisi ya utumishi, jina la kiwanda naliacha maana bado kuna vijana wanapata riziki yao pale na sitaki waulizwe nani kaandika.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mpwa wangu. Kaja juzi jioni kapendeza, kaniambia mjomba nimepandishwa, sasa hivi mi ni supavaiza nina watu 14 chini yangu. Nikampa hongera. Akakaa kimya kidogo akasema lakini mjomba hawa watu nawaonyeshaje kwamba nathamini kazi yao na bajeti sina hata ya soda? Nikaanza kumjibu, chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena, mpaka mama watoto akaniambia baba, hayo yote si ungeyapeleka gazetini mtoto wa watu akapumzike. Ndo nayaleta.

Nianze na Mei Mosi maana huko ndo wakubwa wengi wanadhani shukrani inakaa. Kwenye ofisi yetu ikifika mwezi wa nne katikati inashuka barua toka juu, leteni jina la mfanyakazi bora. Sasa watu wa nje wanafikiri huwa kuna kikao, watu wanapimwa, wanashindanishwa. Wapi! Mara nyingi ilikuwa ni zamu. Mwaka huu stoo, mwaka ujao karakana, mwaka unaofuata jikoni, ili pasiwe na manung'uniko, na ndani ya idara anachaguliwa ambae hajagombana na fomeni mwaka ule. Na yale maelezo marefu yanayosomwa kwenye spika uwanjani, "amekuwa mfano wa kuigwa kwa kujituma, nidhamu na ushirikiano", nilikuwa nayaandika mimi. Nilikuwa nayo kwenye kompyuta tayari, nabadilisha jina tu na idara. Mwaka mmoja nilisahau kubadilisha idara, mama wa jikoni akasifiwa uwanja mzima kwa umahiri wake wa kuchomelea vyuma. Watu walicheka, na yeye alicheka, lakini nilipomwangalia vizuri niliona hakufurahi, na mpaka leo nikipita karibu na kwake huwa naongeza mwendo.

Sasa hundi. Kulikuwa na mzee mmoja wa boila, ule mtambo wa kuchemsha maji yatoe mvuke, tumwite hivyohivyo Mzee wa Boila, alikuwa na miaka karibu 20 pale. Zamu ikafika idara yao, akapata. Uwanjani akaitwa jukwaani akapewa ile hundi ya mfano, boksi kubwa limebandikwa karatasi nyeupe, ukubwa wa mlango, imeandikwa laki tano kwa tarakimu na kwa maneno, akapigwa picha na mgeni rasmi na meneja mkuu kamshika bega. Basi bwana, sherehe imeisha, wakubwa wamepanda magari yao, mzee kabaki na boksi lake uwanjani. Hakuna aliyefikiria mtu huyu anafikaje nyumbani. Akapanda daladala, konda akamwambia mzee huo mzigo unalipiwa siti, wakabishana, abiria wengine wanasoma maandishi kwa sauti, "laki tano! mzee ana laki tano huyu halafu anabishia nauli!" Akashuka kituoni akapita nalo mtaani kote. Jioni ileile watu wawili wamekuja kukopa, na mwenye nyumba kaja na daftari lake la kodi.

Hela yenyewe? Mwezi wa tano aliambiwa inashughulikiwa. Mwezi wa sita mhasibu yuko likizo. Mwezi wa saba tumefunga mwaka wa hesabu, mzee subiri kidogo. Nilikuwa namwona anapanda ngazi za uhasibu na ovaroli lake, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuomba msaada, mtu ambae uwanja mzima ulimpigia makofi. Mwezi wa kumi na moja ndo akalipwa, laki tatu, nyingine akaambiwa bajeti imebana. Na kule mtaani mpaka wakati huo alishaitwa bahili maana watu waliona hundi kwa macho yao.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete, sijasikia popote waliposema kivikwe picha ya pete halafu pete yenyewe ije miezi sita baadae ikiwa imekatwa robo tatu, sorry, imekatwa sehemu, nisizidishe.

Ila kinachoniuma mimi mwenyewe sio hela. Yule mzee alistahili kweli na sababu ya kustahili haikusomwa. Usiku mmoja wa masika umeme ulikatika ukarudi, pampu inayopeleka maji kwenye boila ikagoma, maji yakawa yanashuka na moto unawaka. Aliyewahi kukaa karibu na boila anajua maana yake, inaweza kulipuka. Mzee alikata moto kwa mkono, akafungua mvuke utoke, akawatoa vijana wa shifti nje, na yeye akabaki kuangalia geji. Asubuhi kwenye kitabu cha matukio kaandika mstari mmoja tu, pampu ilisimama, moto ulizimwa. Mimi nilikisoma kile kitabu maana kilikuwa kinapita kwenye meza yangu. Nilijua. Na Mei Mosi ilipofika nikaandika kujituma, nidhamu na ushirikiano. Ingenigharimu dakika tano kuandika kilichotokea, watu mia mbili wa kiwanda wangejua ni nani aliyewafanya warudi makwao usiku ule, na mke wake ambae alikuwa amekaa pale kwenye jua na kitenge kipya angesikia. Hiyo isingehitaji bajeti, isingehitaji idhini ya mhasibu.

Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu hivi: ukitaka kumsifia mtu sema alichofanya. Usiseme "kazi nzuri sana team" kwenye grupu la WhatsApp halafu ukaweka vidole gumba vitatu. Sema fulani jana mzigo ulifika saa kumi na moja jioni ukabaki mpaka ukahesabu boksi zote na ndo ukagundua pungufu. Mtu akisikia hivyo anajua umeona. Ile ya jumla hata mvivu anaichukua, anaiweka mfukoni.

Na kuna kitu kingine ambacho sisi tumepewa bure na lugha yetu na wakubwa hawakitumii. Pole na kazi. Mi sijui kama kuna watu wengine duniani ambao ukipita ukakuta mtu analima au anabeba zege unampa pole kwa sababu tu anafanya kazi, humjui, hakufanyii wewe, unasema pole na kazi na yeye anakujibu nimeshapoa na safari inaendelea. Mtoto wa darasa la pili anajua kuisema. Lakini mpe mtu cheo na gari lenye vioo vyeusi, anapita getini asubuhi mlinzi kakesha na baridi ya Uluguru imemchapa, hata kioo hakishuki. Meneja mmoja tuliyekuwa nae aliwahi kuniambia kwamba akiwazoea sana watamzoea. Nikamwambia ndio mkubwa. Ungenijibu nini wewe?

Hapa nichomekee kidogo, wa rika langu mtakumbuka Mwongozo wa mwaka 1971 wa TANU, chama kilichokuwa kinatawala wakati ule, ibara ya 15, ile iliyokuwa inamkataza kiongozi majivuno na dharau na uonevu kwa walio chini yake. Wafanyakazi waliishika ile ibara kuliko ibara zote, kuna viwanda Dar es Salaam watu waligoma wakawakataa mameneja wao, na wengi wa wale hawakugomea mshahara, waligomea matusi na kudharauliwa. Serikali yenyewe baadae ikaona mambo yamekuwa makali ikaanza kuwatuliza. Sisemi turudi huko. Nasema tu kwamba mwaka 1971 kuna watu walikaa wakaona dharau kazini ni jambo la kuandikwa kwenye waraka wa chama kinachotawala nchi, leo tunaona ni tabia tu ya bosi, ndo alivyo, mzoee.

Turudi kiwandani. Sijasema kwamba sijawahi kuona kiongozi anayejua kushukuru, nimemwona mmoja, alikuwa meneja wa uzalishaji, hakuwa mtu wa maneno mengi wala hakuwa anacheka ovyo. Kijana mmoja wa kupakia mizigo alifiwa na mama yake huko Turiani. Kawaida yetu unachangishwa, bahasha ya rambirambi inapelekwa na mtu wa utumishi, yaani mimi, nasaini kwenye daftari la msiba nakula nageuza. Siku ile huyu meneja akasema naenda na mimi. Tukaenda, akavua viatu akakaa kwenye mkeka na wazee, akala wali na maharage kwa mkono, akabeba jeneza zamu yake ilipofika. Na kabla hatujaondoka akaomba aongee na baba wa kijana, akamwambia mzee mwanao huyu ndo anapanga mizigo kwenye lori kwa namna ambayo haivunjiki njiani, tangu aanze yeye malalamiko ya wateja yamepungua. Baba mtu alikuwa hajui mwanae anafanya nini mjini! Alijua yuko kiwandani tu. Yule mzee alifuta machozi, sijui ya msiba sijui ya lile neno, vilichanganyika.

Stori ilifika kiwandani kabla yetu. Baada ya hapo huyu meneja akisema jamani kuna oda ya haraka Jumapili naomba watu kumi, wanajitokeza ishirini. Wakubwa wenzie walimshangaa, wakadhani anawapa hela pembeni.

Sasa, na hapa naomba msomaji anielewe, hao waliokuja Jumapili alikuwa anawalipa Jumapili yao. Alikuwa anakuja mwenyewe ofisini kwangu Jumatatu na orodha, hawa wamekuja, hawa saa nane, huyu saa sita, andika. Maana kuna viongozi wamejifunza ile ya kukaa mkekani lakini ya orodha hawajajifunza, wanakupa pole, wanakuita kamanda, wanakuletea keki siku ya kuzaliwa, na overtaimu yako ya miezi mitatu hujaiona. Huyo hajakushukuru, amekulaghai kwa sukari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iko wazi, saa za kawaida ni 45 kwa wiki, ukizidisha unalipwa mara moja na nusu, ukifanya siku ya mapumziko au sikukuu ni mara mbili, ukifanya usiku kuna nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Kwa mtu wa shilingi elfu mbili kwa saa hiyo ya usiku ni shilingi mia. Mia! Na nimeona kiwanda kinaibana hiyo mia halafu mwisho wa mwaka kinanunua tisheti mia mbili zenye nembo yake na kuziita zawadi kwa wafanyakazi. Tisheti yenye jina la kampuni ni tangazo, na anayelivaa anatangaza bure.

Likizo nayo. Siku 28 kwa mwaka zimeandikwa kwenye sheria hiyohiyo, sio hisani ya bosi, lakini mtu akienda kuomba anaomba kama anaomba posa, na akipewa siku ya tatu simu inaita funguo za stoo umeweka wapi. Kumwacha mtu apumzike bila kumpigia simu, hiyo nayo ni asante.

Kuna watakaosema mbona serikali inaonyesha mfano, na ni kweli hatua zipo. Mwaka 2023 Mei Mosi ya kitaifa ilifanyikia hapahapa kwetu uwanja wa Jamhuri, nilikuwepo, Rais Samia akatangaza kurudisha nyongeza ya mwaka ya mishahara na uwanja ukalipuka. Mwaka 2025 kule Singida ikatangazwa kima cha chini cha watumishi wa umma kinatoka shilingi 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai. Hiyo ni shukrani yenye namba, unaiona kwenye salari slipu. Ila ukiwa umekaa jukwaa la watu wa sekta binafsi siku kama hiyo unapiga makofi ya jirani, unamfurahia mwenzio, unakunja bango lenu la kitambaa mnarudi. Na sisi ofisini kesho yake tulikuwa na kazi ya kuhakiki nani hakuja kwenye maandamano, maana asiyekuja alikuwa anaandikwa mtoro. Fikiria, siku iliyotokana na watu wa Chicago mwaka 1886 waliokuwa wanadai kazi iwe saa nane kwa siku, sisi tunaitumia kumkata mtu siku kwa sababu alilala nyumbani sikukuu.

Dereva wetu mmoja alipostaafu alipewa saa ya ukutani na kadi kubwa tuliyosaini wote. Kadi ilikosewa jina lake la pili. Miaka 19 anawapeleka watu wale Dar na kuwarudisha salama, barabara ile ya Chalinze mnaijua, na hakuna aliyejua jina lake linaandikwaje. Na hilo ndo lilikuwa dogo. Alipokwenda kufuatilia mafao yake NSSF, kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, akakuta kuna miezi michango haikupelekwa, ile ya kwake ilikatwa kwenye mshahara kila mwezi lakini haikufika. Saa ya ukutani wanampa, michango wamekalia. Alihangaika nayo karibu mwaka mzima. Siku hizi kuna namna ya kuangalia michango kwenye simu, nimemwambia mpwa wangu awaonyeshe watu wake wote 14 jinsi ya kuangalia, supavaiza anayefanya hivyo wala hajatoa hata shilingi lakini watu wake watajua yuko upande upi. Akasema mjomba bosi wangu atanichukia. Nikasema inawezekana.

Halafu nikamwambia kuhusu barua. Nimekaa ofisi ya utumishi, naijua nguvu ya barua. Mfanyakazi anataka barua ya mwajiri apeleke benki akope amalizie kuezeka, ni karatasi moja na muhuri, inakaa kwenye trei ya meneja wiki tatu, mpaka fundi kapata kazi nyingine na mvua imeanza. Au mtu anaacha kazi anaomba cheti cha utumishi kinachoonyesha alianza lini kaacha lini alifanya kazi gani, ambacho nacho ni lazima kisheria apewe, anazungushwa kwa sababu bosi kanuna kwamba anaondoka. Ukimsainia mtu barua yake siku hiyohiyo aliyoileta, anakukumbuka kila akiangalia bati lake. Mimi nina watu wananisalimia sokoni kwa sababu ya mihuri tu.

Na wazo la mtu liitwe kwa jina lake. Hili nalipita haraka maana linanikasirisha. Kijana wa mashine kaja na wazo la kugeuza meza ya kufungashia, fomeni kalibeba kapeleka juu kama lake, kapongezwa kwenye kikao, kijana yuko palepale mlangoni kaleta chai. Yule kijana hakuwahi kutoa wazo lingine, nami ningekuwa yeye nisingetoa.

Sitetei wafanyakazi kwamba wote ni malaika. Nimeshika mafaili, najua walioiba mafuta, najua waliougua kila Jumatatu, najua mmoja aliyefiwa na bibi mara tatu. Na mabosi nao ni waajiriwa, wana mabosi zao, wengi hawajawahi kuambiwa asante na mtu na hawajui inatamkwaje. Mpwa wangu mwenyewe nilimuuliza, je ulipopandishwa waliokupandisha walikwambia kwa nini wamekuchagua wewe? Akafikiria. Akasema hapana, nilipewa barua tu imeandikwa kutokana na utendaji wako mzuri. Nikacheka mpaka akaona kama namdharau, nikamwambia samahani, hayo maneno nayafahamu, inawezekana aliyeandika ana faili lake kwenye kompyuta na anabadilisha jina.

Mzee wa Boila bado yuko hai, yuko Kihonda, anafuga kuku. Nilikwenda kumwona nikamwambia ule usiku wa pampu nilikuwa naujua na sikuuandika. Akasema wee, kumbe ulisoma? Akaninyooshea kidole bandani. Ile hundi ameiweka juu ya banda chini ya turubai kuzuia mvua, mvua imeila pembeni lakini maneno ya "laki tano tu" bado yanasomeka.

Ombi langu kwako mhariri ni moja. Kila Mei Mosi mnatuletea picha za watu wameshika maboksi hayo wanacheka. Mwaka ujao kabla ya hizo picha mpya, mtume mwandishi awatafute wa mwaka uliopita, awaulize walilipwa lini, shilingi ngapi, na je waliambiwa walichaguliwa kwa kufanya nini. Kama mtakosa wa kuanza nae, mimi nitawapeleka mpaka kwenye banda la kuku.

Mstaafu wa masjala,
Morogoro